Chafya za Babu Josias

Jumamosi ya kwanza ya Mei, asubuhi, Dabney Wexcombe alikuwa uwanjani akipigilia vigingi na kufunga kamba ili magari ya wageni yajipange vizuri. Uwanja huo uko nje ya ukuta wa matofali wa makaburi ya kina Wexcombe, upande unaoteremkia mtoni, na nyasi zake zilikuwa zimekatwa jana yake. Kigingi kimoja kilikataa kuingia. Dabney akakisogeza kidogo, akakipiga tena, kikazama. Alijua kilichokuwa kimekizuia ni jiwe la kaburi, maana uwanja mzima uko hivyo. Mawe yake yamelazwa chali, sawasawa na udongo, ili mashine ya kukatia nyasi ipite juu bila kuharibika. Magari nayo hupita bila taabu.

Ndani ya ukuta akina mama walikuwa wakitandika meza ndefu katikati ya makaburi mengine, yale yenye mawe yaliyosimama. Kulikuwa na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, chaza wa kukaanga, mayai ya kujaza, saladi ya viazi, pai za kila namna, na chai baridi yenye sukari ya kung'oa meno. Kichwani mwa meza palikuwa na kiti chenye mto, na juu ya mto taulo safi. Taulo hilo ni la Babu Josias. Kila mwaka hutoka kaburini akiwa na udongo mabegani, na mwenyekiti wa chama cha ukoo, Bi Marjorie Pruett, hapendi udongo kwenye kitambaa cha meza.

Josias Wexcombe aliletwa na meli kutoka Uingereza, Virginia ikiwa bado changa. Alilima tumbaku, akanunua watu wa kuilima, akajenga ukuta, akafa. Tangu hapo, siku ya kusafisha makaburi, hutoka saa sita mchana, hukaa hadi pai ziishe, kisha hurudi chini. Si msemaji sana. Hupenda nyama ya moshi na hulalamika kwamba bei ya tumbaku si kitu. Zamani watoto walimwogopa. Siku hizi humpa maputo awashikie.

Kazi yake kubwa pale ni kupiga chafya. Watu wanaotafuta asili yao huja kutoka Ohio, kutoka Texas, kutoka huko wanakojua wenyewe, wamechoka na mafaili, wakitaka kuambiwa kama kweli wametokana na mmoja wa wale Waingereza wa kwanza. Babu humwekea mtu mkono kichwani. Kama ni damu yake, hupiga chafya moja, kisha hutaja mtoto ambaye mtu huyo ametokana naye. Kama si damu yake, hakuna kitu. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja wa Nebraska ambaye alianza kutafuta ukoo wake tangu mkewe akiwa mwembamba. Babu alimwekea mkono, akangoja, akajikuna pua, wapi. Yule bwana akafungiwa chakula cha kubeba, na mkewe ndiye aliyeendesha gari.

Anayepigiwa chafya hupewa utepe wa buluu na haki ya kuzikwa ndani ya ukuta. Hiyo ndiyo kanuni ya Chama cha Wana wa Josias, na hakuna nyingine. Karatasi hazihesabiki, kwa sababu karatasi hudanganya. Na tangu watu waanze kutema mate kwenye vichupa na kuyapeleka maabara, Bi Marjorie ametamka wazi kwamba chama hakipokei mate ya mtu. Chama hupokea mkono wa Babu.

Bi Ardelia Cary alizaliwa Wexcombe, wa wale Wexcombe weusi wanaokaa kando ya barabara kuu. Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu, na hakuna mtu wa makamo katika rasi ile, mweupe au mweusi, ambaye hajawahi kufokewa naye akae chini. Majira ya baridi yaliyopita moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alimwambia apange mambo yake, naye akagundua kwamba jambo lake lilikuwa moja tu: hana pa kulala.

Makaburi ya kanisa lao yalikuwa yameingiwa na maji. Mto huko hupanda kila mwaka, na baada ya dhoruba ya mwisho majeneza mawili yalikutwa kwenye magugu karibu na daraja, mmoja wa wenye majeneza hayo akiuliza njia. Pakabaki uwanjani kwa Dabney, ambako wazee wao walizikwa tangu enzi za utumwa na ambako mumewe, Otis, alikuwa amelala. Uwanja ni mali ya chama, na chama kiliwaruhusu kuendelea kuzika, mradi mawe yalazwe.

Binti yake Verlene, anayefundisha hesabu Richmond, alijaribu kumshauri.

"Mama, kwetu kuna makaburi mazuri. Karibu na nyumbani. Nitakuwa nakuja kila Jumapili."

"Richmond nitalala na nani? Simjui mtu."

"Utakuwa umekufa, Mama."

"Ndiyo maana nasema. Aliye hai asipowapenda majirani anahama. Mimi nitahamia wapi?"

"Basi uwanjani, ubavuni mwa Baba."

Bi Ardelia aliweka kikombe chini. "Baba yako kila Mei anaegeshewa gari la watu wa Ohio juu ya kifua. Sikiliza, wewe mtoto. Nimeendesha basi maisha yangu yote. Najua uzito wa gari. Sitaki kuegeshewa."

Hapo ndipo Verlene alipoanza kutafuta. Alitema mate kichupani kama watu wote, na majibu yakamwambia kwamba Dabney Wexcombe ni binamu yake. Hilo halikumshangaza yeyote aliyewahi kuwaona wakicheka. Alikwenda kwenye nyaraka za wilaya, akakuta kwamba watu wake hawakutajwa. Ng'ombe wa Josias walikuwa na majina. Alichobaki nacho ni neno ambalo kwao mama humwachia binti: kwamba walitokana na Judith, aliyepika jikoni kwa Josias, na mtoto wa Judith alikuwa na masikio ya bwana. Neno kama hilo halifunguliwi geti na mtu. Lakini mkono ungeweza kulifungua, na kanuni hiyo chama kilijitungia chenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi ile walifika, Bi Ardelia amevaa kofia yake ya kanisani, ya zambarau, akitembea polepole kwa ajili ya moyo. Vumbi la njano la chavua ya misonobari lilikuwa limetanda juu ya kila gari. Dabney alikuwa getini.

"Bi Ardelia! Karibu sana. Umekuja kutusaidia jikoni?"

"Nimekuja kuwekewa mkono."

Dabney akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo. "Sijui kama Bi Marjorie..."

"Dabney, ulipokuwa darasa la pili ulitapika kwenye basi langu au hukutapika?"

"Nilitapika, bibi."

"Nani alikufuta?"

"Wewe, bibi."

"Basi nifungulie."

Akamfungulia.

Babu Josias alikuwa ameshatoka na kufutwa mabega. Alikuwa anakula. Mbele yao kwenye foleni kulikuwa na mapacha wa Ohio, wanawake wawili wanene wenye viatu vinavyofanana. Babu akawapigia chafya kila mmoja, akasema "Wa Prudence," watu wakapiga makofi, tepe zikabandikwa. Kisha Bi Ardelia akasogea, akavua kofia, akainamisha kichwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwinamia mtu, alisema baadaye, na alifanya hivyo kwa sababu mzee alikuwa amekaa.

Babu akaweka mkono. Akapiga chafya.

Akapiga nyingine. Akashika meza, akapiga tena, na tena, hadi sahani ya mayai ikacheza na puto alilokuwa ameshikishwa likaponyoka likaenda zake. Bi Marjorie akamletea leso, ikalowa. Akaletewa kitambaa cha mikono. Alipotulia machozi yalikuwa yakimtoka, kama mtu aliyemenya vitunguu.

"Wa Judith," alisema.

"Judith yupi, Babu?" Bi Marjorie aliuliza kwa upole. "Hatuna Judith kwenye tawi lolote."

"Wa jikoni. Nilizaa naye binti. Mwanangu Robert akazaa na binti wa huyo binti, na mtoto wa Robert naye hakukaa mbali. Ilikuwa desturi ya nyumba." Akajifuta pua. "Huyu mama ananijia kwa njia nyingi. Ninyi wengi wenu ni tone tu, kama chumvi kwenye uji. Huyu ni uji wenyewe."

Mezani mtu mmoja aliuliza kama saladi ya viazi imetiwa vitunguu. Akajibiwa kwamba kidogo.

Verlene alijawa na furaha, na furaha yenyewe ilimkera, kwa sababu hakutaka kufurahia kutambuliwa na mtu wa namna ile. Hata hivyo aliifurahia. Alinyoosha mkono apewe utepe wa mama yake.

Bi Marjorie akasema kamati ingekutana kwa dakika moja. Kamati ikakutana nyuma ya birika la chai baridi, na haikukawia. Bi Marjorie alirudi na uso wa huruma, uso alioutumia pia kwenye misiba.

"Ni vumbi la misonobari," alisema. "Mwaka huu limezidi. Mzee ana aleji. Kamati imeona kwamba chafya za leo hazitahesabiwa."

"Mbona hao wamepewa tepe sasa hivi?" Verlene aliwaonyesha wale mapacha.

"Vumbi limeanza baada yao, mpenzi."

Mapacha wakatazama viatu vyao. Dabney, aliyekuwa amesimama getini na vumbi la njano la tangu alfajiri kwenye mabega, akajipangusa.

Verlene akamgeukia Josias mwenyewe. "Babu, waambie."

"Nimewaambia. Wamesikia."

"Miaka yote hii unatoka kila Mei, unakaa hapa, unajua watu wako wamelala huko nje wanakanyagwa na magari, na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza," Josias alisema. Hakukuwa na ujanja usoni mwake. "Kila anayekuja huniuliza habari zake."

"Sasa nakuuliza mimi. Waambie wamfungulie mama yangu nafasi moja tu. Sehemu ya kulala. Wewe ndiye mwenye kaburi."

Mzee akautazama ukuta, matofali yake na mmea wa kutambaa uliopanda juu. "Ukuta huu niliujenga mimi, binti. Niliujenga Judith akiwa hai, akituletea maji ya kunywa. Nilijua nani atakaa ndani. Na ile sheria ya kwamba mtoto humfuata mama, kama mama ni mtumwa na mtoto ni mtumwa, ilipopita kwenye baraza la kutunga sheria nilikuwamo. Nilinyoosha mkono." Akauinua kidogo mkono ule ule, ukiwa bado na unyevu wa leso. "Kwamba ni damu yangu, sikatai. Sikukataa hata wakati ule."

"Na leo ungeunyoosha?"

Josias akafikiri. Alionekana kufikiri kweli, na Verlene akangoja, na Mungu amsamehe, alitumaini.

"Nisogezee hiyo nyama," alisema mzee.

Hakuwa na haya wala majuto. Alikuwa na njaa, na mwaka ni mrefu chini kule.

Bi Ardelia alivaa kofia yake, akaipachika pini. "Twende, Verlene. Nimekuja kutafuta pa kulala, nimeambulia mafua ya mzungu." Kisha akamwinamia Josias, karibu na sikio, yale masikio. "Babu, nilidhani ulikuwa hujui. Miaka yote nilikuwa nakutetea kidogo kwa hilo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Bi Ardelia alifariki mwezi wa Novemba, kitandani kwake, akimlalamikia Verlene kuhusu mapazia. Alizikwa uwanjani, ubavuni mwa Otis. Dabney alikuja mwenyewe na mtambo wa kuchimbia, akakataa shukrani, akalia waziwazi hadi ikabidi asimamishe mtambo. Hata mapacha wa Ohio walileta shada. Bi Marjorie alileta pai ya viazi vitamu na kukumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba jiwe lilazwe. Verlene alisimama pale na hasira iliyokosa pa kwenda. Jiwe likalazwa.

Mwezi wa Mei ulipofika, Dabney alipigilia vigingi vyake. Safari hii alizungushia kaburi la Bi Ardelia kamba ya peke yake, pande zote, na kuacha nafasi ya kutosha gari moja dogo. Alimpenda yule mama, na hilo ndilo alilojua kufanya. Verlene alifika na maua, akamkuta anafunga fundo la mwisho. Verlene akamshukuru kwa kichwa.

Saa sita mchana Babu Josias alitoka ndani ya ukuta. Wakati huo huo, nje ya ukuta, Bi Ardelia alitoka katikati ya kamba za Dabney, kofia ya zambarau kichwani, mkoba mkononi. Kwa nini yeye, kati ya wote walio pale, hakuna ajuaye. Baadhi ya watu walisema ni kwa sababu ya zile chafya nyingi. Udongo ulikuwa umemjaa mabegani. Hakukuwa na taulo, kwa hiyo Verlene akamfuta kwa mtandio wake.

"Baba hajambo?" aliuliza.

"Yupo. Ana gari la kijani juu yake, hawezi hata kugeuka." Bi Ardelia akatazama huku na huku. Magari yalikuwa yamejaa hadi ukingoni mwa mto. "Nilikwambia mimi."

"Uliniambia, Mama."

Ndani ya ukuta, Bi Marjorie alichungulia, akamwona, akampungia mkono, akamtuma mtoto apitishe sahani ya chakula kupitia getini. Ilikuwa sahani nzuri, yenye kila kitu. Geti likafungwa tena ili mbwa wasiingie.

Ndipo likaja basi la kukodi kutoka Ohio. Mapacha walikuwa wamewatangazia ndugu zao, na ndugu walikuwa wengi. Basi likakwama njiani, halina pa kuingia wala pa kugeuzia, na nyuma yake magari mengine yakaanza kupiga honi. Dabney akaja mbio, filimbi shingoni. Aliitazama ile kamba aliyoifunga asubuhi. Akamtazama Bi Ardelia, kisha akatazama chini.

"Bi Ardelia, samahani sana. Naona umetoka."

"Unaniona."

"Basi hapo kwako kwa sasa hapana mtu."

Bi Ardelia akatafuna chaza, akameza. "Dabney."

"Ni kwa muda tu, bibi. Wakishakula wanaondoka. Sina pengine pa kuliweka, haki ya Mungu."

"Dabney, wewe!" Verlene alisema, akasimama katikati ya kamba. "Nitalala hapa hapa. Mwambie apite juu yangu."

Dereva wa basi, kijana asiyejua lolote, akaanza kurudi nyuma bila kungoja. Alikuwa akirudi vibaya, tako la basi likielekea kwenye gari la kijani lililomlalia Otis, na kwa nyuma hakuwa na mtu wa kumwongoza. Bi Ardelia alivumilia kidogo. Kisha akampa Verlene sahani, akamshika bega na kumwondoa pale, akasimama mahali ambapo kioo cha pembeni kingemwonyesha, akainua mikono yote miwili.

"Kata kulia," aliita. "Kulia, mwanangu, unakimbilia wapi! Nyoosha sasa. Njoo. Njoo."

Dabney akaifungua kamba. Basi likaja taratibu, likanyooka, likaingia kati ya magari bila kugusa hata kioo cha mtu, magurudumu ya nyuma yakapanda juu ya jiwe lililolazwa. Bi Ardelia akafungua kiganja.

"Hapo. Zima."

Watu wa Ohio wakashuka, wakamshukuru mmoja mmoja, wakaingia getini kuwekewa mkono. Mwaka huo vumbi la misonobari halikuwa baya, na Babu alipiga chafya safi, moja moja, mpaka tepe zikaisha ikabidi zikatwe nusu.

Pai nazo zikaisha. Babu Josias akajifuta mdomo kwa taulo, akalalamika kuhusu tumbaku, akashuka kwake. Nje ya ukuta Bi Ardelia alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya basi, mkoba mapajani, Verlene amechuchumaa pembeni yake, wakingoja watu wa Ohio wamalize kupiga picha.